Kamera ndani ya basi: picha ya abiria ni ya nani?

Abiria anayepanda basi alfajiri mjini Ifakara kuelekea Morogoro au Dar es Salaam huwa amekwisha kuacha alama tatu nyuma yake kabla gari halijafika Kidatu. Ya kwanza ni jina lake na namba yake ya simu, vilivyoandikwa katika tiketi mtandao. Ya pili ni mahali gari lilipo na mwendo wake, ambavyo mfumo wa kufuatilia mabasi wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) huvinasa safari nzima. Ya tatu ni sura yake mwenyewe. Katika mabasi mengi makubwa ya siku hizi kuna duara dogo jeusi la kioo karibu na kichwa cha dereva, na jingine katikati ya dari, linalomtazama abiria tangu anapoketi hadi anaposhuka. Alama mbili za kwanza zilikuja na matangazo na maelezo. Hii ya tatu imeingia kimya kimya, kila mmiliki akinunua na kufunga apendavyo, na abiria huigundua pale tu anapoinua macho kutafuta mahali pa kuweka mzigo.

Hatuandiki makala hii kwa lengo la kuzipinga kamera hizo. Tunaandika kwa sababu swali moja halijaulizwa hadharani, wala stendi wala vikaoni: safari ikiisha na abiria akienda zake, picha yake hubaki kwa nani, na huyo aliyebaki nayo anaruhusiwa kuifanya nini?

Basi la bondeni kwetu si chombo cha kubeba watu tu. Kwa saa nyingi huwa sebule, chumba cha kulala na, kwa wengine, wodi. Ndani yake mama hunyonyesha. Mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko hufungua bandeji kuangalia kidonda. Waliofiwa hulia bila kujizuia. Kijana hufungua simu na kubonyeza namba ya siri ya pesa zake, huku lenzi ikiwa juu ya bega lake. Usiku, taa zikizimwa, watu hulala vinywa wazi wakiamini kwamba giza limewafunika, wasijue kwamba kamera nyingi za aina hii huona hata gizani, kwa mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Tangu LATRA ilipoanza kutoa vibali vya safari za usiku, Oktoba 2023, baada ya katazo la takriban miaka 30, jambo hili limepata uzito ambao halikuwa nao zamani.

Na asidhani mtu kwamba faragha ya msafiri ni wazo geni lililoletwa na wanasheria wa mijini. Reli ya TAZARA, inayokatiza bonde hili kupitia Ifakara na Mlimba tangu miaka ya 1970, ina kanuni ambayo wasafiri wake wote wanaijua: katika mabehewa ya kulala, wanaume hupewa vyumba vyao na wanawake vyao, isipokuwa familia ikilipia chumba kizima. Waliopanga hivyo walifahamu kwamba mtu akilala safarini huwa amejikabidhi mikononi mwa wengine, na kwamba heshima yake hailali pamoja naye.

Sababu za kufunga kamera ni za kweli, nasi hatuna budi kuzitaja kwa haki. Kamera humwonyesha dereva anayechezea simu akiwa kwenye usukani. Huonyesha nani aliyeshuka na begi lisilo lake. Humtetea utingo anayesingiziwa wizi, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri, kwa kuwa ni rahisi kumtuhumu kijana wa mlangoni. Kumbukumbu za abiria nazo zina faida ambayo taifa letu limejifunza kwa uchungu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walipoteza maisha, na haikuwezekana kusema kwa hakika ni wangapi waliokuwamo, maana karani wa tiketi alikuwa miongoni mwa waliofariki na kumbukumbu zake zikapotea majini. Sisi wa Kilombero tuna kumbukumbu yetu pia, ya kivuko kilichozama katika mto wetu Januari 2016, miaka miwili kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa. Familia inayosubiri kando ya maji haiombi faragha. Inaomba orodha.

Kwa hiyo kumbukumbu yenyewe si adui. Lakini kisa kimoja kutoka kwa majirani zetu kinaonyesha jinsi picha ileile inavyoweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Septemba 2014, katika eneo la Githurai pembezoni mwa Nairobi, mwanamke mmoja aliyekuwa abiria katika basi usiku alivamiwa na watu ambao baadhi yao walikuwa ndio wenye dhamana ya safari ile. Walimvua nguo, wakamdhalilisha, wakampora. Katika tukio hilohilo mtu alikuwa na simu mkononi, akarekodi. Wiki kadhaa baadaye video ile ilianza kuzunguka katika mitandao ya kijamii. Maelfu ya watu waliitazama. Wengine wakaituma kwa wengine, baadhi kwa hasira, baadhi kwa huzuni, na baadhi, tusifiche, kwa tamaa na kejeli. Novemba mwaka huo wanawake wa Nairobi waliandamana mitaani kupinga udhalilishaji wa aina hiyo. Watuhumiwa walikamatwa, na Julai 2017 mahakama iliwatia hatiani watu watatu: dereva, utingo na mfanyakazi wa kituo cha mafuta. Walihukumiwa kifo kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia nguvu. (Kanisa, kama linavyofundisha katika Katekisimu namba 2267 iliyorekebishwa mwaka 2018, haliikubali adhabu ya kifo, hata kwa uovu wa namna hii, lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Video ile ilisaidia haki kutendeka. Bila hiyo, neno la mwanamke mmoja lingesimama dhidi ya neno la wanaume kadhaa, na tunajua mizani hiyo huelekea upande gani. Hata hivyo, kila mara ilipofunguliwa kwenye simu ya mtu asiyehusika, mwanamke yule alivuliwa nguo upya. Mikononi mwa hakimu ilikuwa ushahidi. Mikononi mwa umati ilikuwa udhalilishaji wa pili, ambao hauna mwisho wala hauna mshtakiwa. Lenzi ilikuwa moja na picha ilikuwa moja.

Waamini wanaosoma Maandiko Matakatifu watakumbuka hapa sura ya 9 ya Kitabu cha Mwanzo. Nuhu amelala uchi hemani mwake. Hamu anaingia, anamwona, kisha anatoka nje na kuwasimulia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanatwaa vazi, wanaliweka mabegani, wanaingia kinyumenyume nyuso zikiwa zimegeuzwa, na kumfunika baba yao. Maandiko hayasemi kwamba Hamu alimvua baba yake nguo. Alichofanya ni kuona, kisha kulitoa nje lile aliloliona. Sisi tunaoishi katika zama za simu janja tunaweza kuisoma habari hii na kudhani iliandikwa juzi.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 26, unataja mambo ambayo kila mwanadamu anastahili ili aishi maisha yanayolingana na utu wake. Orodha hiyo inaanza na chakula, mavazi na makazi, inaendelea na elimu na kazi, na ndani yake zimo pia haki ya kuwa na jina jema, haki ya kuheshimiwa, na haki ya kulindiwa maisha binafsi. Jambo la kuangaliwa ni kwamba Mababa wa Mtaguso hawakuiweka faragha katika kundi la anasa za matajiri. Waliiweka meza moja na mkate. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 nao, katika kanuni ya 220, unakataza kwa pamoja kuchafua jina jema la mtu na kukiuka haki yake ya kulinda maisha yake ya ndani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Fratelli tutti wa mwaka 2020, namba 42, alisikitika kwamba maisha ya watu yamegeuzwa kuwa maonyesho, yanachunguzwa na kupekuliwa bila kukoma, na heshima kwa wengine ikisambaratika. Na mwezi Januari 2025, hati ya Antiqua et nova, iliyotolewa na Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa pamoja na lile la Utamaduni na Elimu, iligusa ufuatiliaji wa watu kwa mitambo: hairuhusiwi uwe chombo cha kunyonya, cha kuzuia uhuru wa watu au cha kuwanufaisha wachache kwa hasara ya wengi, na wanaoufanya ni lazima wasimamiwe na kuwajibika mbele ya jamii.

Sheria za nchi zinakwenda upande uleule. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Kwa miaka mingi ibara hiyo haikuwa na sheria mahususi ya kuitekeleza. Sasa ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Kwa lugha nyepesi, sheria hiyo inasema kwamba anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili katika Tume, awajulishe wahusika kwamba anakusanya na kwa kusudi gani, achukue kiasi kinachotosha kusudi hilo tu, asizitumie kwa jambo jingine, azilinde, na asikae nazo kuliko inavyohitajika. Mhusika ana haki ya kuuliza ni taarifa gani zake zinazohifadhiwa, ya kudai zilizo na kosa zirekebishwe au zifutwe, na ya kuomba fidia akidhurika. Sura inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi kama lilivyo jina lake. Kamera ya ndani ya basi haikusamehewa.

Wako watakaosema kwamba sheria za namna hii ni maandishi tu. Kenya, ambayo ilipitisha Sheria yake ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, imekwisha kuonyesha vinginevyo. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa nchi hiyo aliitoza klabu moja ya usiku jijini Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Wakuu wa shule zetu za parokia, ambao hupamba kurasa za mitandao kwa nyuso za wanafunzi kila mahafali, wangefanya vyema kuisoma tena sentensi hiyo.

Lakini tunarudi bondeni kwetu, kwa sababu tunaamini kwamba katika jambo hili watu wa Kilombero wana ujuzi ambao wengi nchini hawana.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipofungua maabara yake ndogo hapa Ifakara, bonde hili limekuwa likitazamwa na watafiti. Maabara ile ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo duniani. Tangu mwaka 1996 taasisi hiyo imekuwa na mfumo wa kufuatilia kaya katika Wilaya za Kilombero na Ulanga: wadodosaji wanapita nyumba kwa nyumba, mara kwa mara katika mwaka, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Watu wetu wamechomwa vidole kupimwa malaria, wamelala ndani ya vyandarua vya majaribio, wamehesabiwa na kuhesabiwa tena. Kama kuna watu Tanzania wanaojua maana ya kufuatiliwa, ni sisi.

Na kwa miaka hiyo yote tulijifunza jambo moja. Mtafiti anayefika uani kwako hubisha hodi. Hujitambulisha, husema ametumwa na nani, anataka kujua nini na kwa faida gani. Hukusomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, aya kwa aya. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi. Fomu husema wazi kwamba unaweza kukataa, na kwamba unaweza kujitoa hata katikati ya utafiti, bila kupoteza haki yako ya kutibiwa. Majina hayatoki nje; yanageuzwa kuwa namba. Bibi wa Mang'ula ambaye hajawahi kusikia habari za Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi anajua kumuuliza kijana mwenye kishikwambi: mwanangu, haya unayoandika yanakwenda wapi? Swali hilo hilo, bibi huyohuyo, akipanda basi kwenda kumwona mwanawe Dar es Salaam, hana wa kumuuliza.

Hapa, hata hivyo, pana tofauti ambayo tusiipite haraka. Katika utafiti mtu akikataa, bado anatibiwa. Katika basi abiria akikataa kupigwa picha, hasafiri. Mwenye mgonjwa mahututi, mwenye msiba, mwenye usaili wa kazi kesho asubuhi hawezi kusimama stendi akingoja basi lisilo na kamera. Ridhaa yake ni ya aliyebanwa ukutani. Ndiyo sababu hatuoni kuwa inatosha kubandika tangazo mlangoni lisemalo kwamba anayepanda amekubali, kisha mmiliki akanawa mikono. Kadiri abiria anavyokuwa na uwezo mdogo wa kukataa, ndivyo mzigo unavyomwelemea zaidi aliyefunga kamera. Wazee wetu wana neno zuri kwa kitu cha mwingine kilichoachwa mikononi mwako naye hayupo: amana. Mwenye kutunza amana hana ruhusa ya kuichezea kwa sababu tu mwenyewe haoni.

Tuseme basi, kwa uwazi, amana hiyo inavyoweza kuvunjwa. Kifaa cha kurekodi huwa ndani ya gari, mara nyingi karibu na dereva. Diski yake hujaa, na picha mpya hufuta za zamani. Hilo si baya, ni ulinzi wa aina yake. Shida huanza pale ambapo utingo, fundi au mlinzi wa gereji anaweza kuchomeka kidude cha kuhifadhia na kuondoka na safari nzima, bila mtu kuandika popote kwamba amefanya hivyo. Mifumo mingine ina laini ya simu na humwezesha mmiliki kutazama ndani ya basi lake akiwa nyumbani, muda wowote, kwenye simu ileile ambayo watoto wake huchezea. Kipande cha sekunde 20 cha abiria aliyelewa, au wapendanao waliosahau kwamba hawako peke yao, au mama aliyefungua kifua kumnyonyesha mwanawe, kinatosha kumfurahisha mtu kwenye kundi la WhatsApp na kumwangamiza mwingine katika kijiji ambacho kila mtu anamjua.

Liko pia jambo zito zaidi. Jioni ya tarehe 6 Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa CHADEMA, aliteremshwa kwa nguvu kutoka katika basi jijini Dar es Salaam akiwa safarini kwenda Tanga, mbele ya abiria wenzake. Siku iliyofuata mwili wake ulipatikana. Rais alilaani mauaji hayo na kuagiza uchunguzi. Tangu siku ile hakuna msafiri Mtanzania anayeweza kuziona kumbukumbu za abiria kuwa jambo la biashara tu. Jina, namba ya simu, namba ya kiti na sura vikiwa katika mikono safi huweza kuwasaidia wanaomtafuta ndugu yao. Vikiwa katika mikono mingine humwonyesha mwindaji mahali windo lilipoketi. Kwa hiyo haitoshi kuambiwa kwamba kumbukumbu zipo. Inapasa ijulikane nani amezifungua, lini, na kwa hati gani. Mwenye basi anapofikiwa na mtu anayejiita ofisa na kutaka picha za safari, ana haki, na tunaamini ana wajibu wa dhamiri, kuomba barua yenye jina, cheo na namba ya jalada kabla ya kutoa chochote. Polisi mwaminifu hataudhika kuombwa hivyo.

Tunayowaomba wamiliki wa mabasi, ambao wengi wao ni waamini wenzetu na majirani zetu, si mambo ya gharama kubwa. Kamera ielekezwe kwa dereva, mlangoni na kwenye njia ya katikati, si juu ya viti kiasi cha kusoma simu za watu. Sauti isirekodiwe, mazungumzo ya mtu na mkewe hayasaidii kuzuia ajali. Picha zisizohusika na tukio lolote zifutike baada ya siku chache zinazojulikana. Mtu mmoja tu, mwenye jina, awe na ufunguo, na awe na daftari la kuandika kila anapofungua. Na kabla gari halijaondoka utingo, ambaye tayari hutangaza vituo vya chakula na kukumbusha mikanda, aongeze maneno machache: basi hili lina kamera kwa ajili ya usalama, picha hufutwa baada ya siku kadhaa, mwenye swali apige namba iliyoandikwa kwenye tiketi. Inachukua muda mfupi kuliko kuuza maji.

Wala tusiwanyooshee kidole wenye mabasi peke yao. Kamera zilizo nyingi zaidi ndani ya basi ni zile zilizomo mifukoni mwetu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, jirani na stendi wanayoijua abiria wote wa Ifakara, na zaidi ya watu 100 walifariki. Picha na video za watu wakiungua zilisambaa nchini kabla ndugu zao hawajapata habari kwa njia nyingine. Waliozituma hawakuwa waovu. Wengi waliongozana nazo kwa maneno ya kuwaombea marehemu. Lakini maiti naye ana jina jema, na majeruhi aliyepoteza fahamu hawezi kusaini fomu ya ridhaa. Katekisimu, namba 2477, inatukumbusha kwamba hata jambo la kweli huwa dhambi likifichuliwa bila sababu ya haki kwa wasiolijua. Mapadre wanaosikiliza maungamo ya vijana wetu wanaweza kuuliza kuhusu ulimi, kama ilivyo desturi. Waulize na kuhusu kidole kinachobonyeza kutuma.

Taasisi za Kanisa nazo zina magari na majengo yenye kamera: mabasi ya shule, vituo vya afya, hosteli. Sheria ya 2022 haikuweka mpaka kwenye geti la parokia. Halmashauri za walei zingeweza kuanza na swali dogo katika kikao kijacho: picha za basi la shule yetu zinatunzwa na nani, na mzazi aliambiwa lini? Tunashuku kwamba katika sehemu nyingi swali hilo litapokelewa kwa ukimya, na ukimya huo utakuwa mwanzo mzuri wa kazi.

Kwa abiria ambaye tayari ana shaka kwamba picha yake imetumika vibaya, hatua ya kwanza ni kumwandikia mmiliki wa basi, kwa maandishi, akieleza tarehe, gari na alichokiona, na kudai kujua picha ilitokaje. Asipojibiwa, au akijibiwa kwa kejeli, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na ikiwa picha imesambazwa kwa nia ya kudhalilisha, kituo cha polisi kipo pia. Jumuiya ndogondogo za Kikristo zina watu wanaojua kuandika barua, na wamsaidie asiyejua. Tiketi ihifadhiwe hata baada ya kushuka, ya karatasi au ile iliyomo kwenye simu, maana ndiyo yenye tarehe, namba ya gari na namba ya kiti. Bila hayo hata mmiliki mwenye nia njema hatajua aanze kutafuta wapi, na kwa kuwa diski hujifuta, barua inayochelewa wiki mbili inaweza kukuta hakuna kilichobaki cha kutazama.